Kihispania Kimetia Chumvi kwa Miaka Elfu Mbili na Bado Kiko Sawa

Wasee, kila mtu mzima mwenye simu siku hizi ana maoni kuhusu venye vijana wa Kenya wanaongea. Ukisema "nimechoka mbaya", kuna mtu atakuja kwa komenti akuulize kama kuna kuchoka kuzuri. Ukisema ngoma ni kali vibaya, unaambiwa "vibaya" maana yake si hiyo, rudi shule. Eti tunatia chumvi kila kitu. Eti Kiswahili kimekufa na sisi ndio tulibeba jeneza.

Mimi sikusomea isimu. Chuo niliacha, karo ilikataa kufika, na tangu hapo nasoma kile nataka, saa ile nataka. Kwa muda sasa hicho kitu kimekuwa Kihispania. Ilianza na La Casa de Papel, nikachoka kusoma maandishi ya chini ya skrini wakati watu wanapigana risasi juu. Kilichonishika si mapenzi wala matusi yao (ingawa matusi yao ni ya kiwango cha kimataifa). Kilichonishika ni vitu vidogo: zile "sana", "mno" na "kabisa" zao. Shuleni tunaviita vielezi vya kiasi, unavipigia mstari kwa mtihani, unasahau. Lakini ukivifuata kwa Kihispania kurudi nyuma, unapata historia ndefu ya watu ambao hawakuwahi kuridhika na "sana" waliyoachiwa na wazazi wao.

Tuanzie Roma. Majeshi ya Warumi yalitua Iberia mwaka 218 K.K., wakiwa kwa vita na Carthage, na wakakaa. Kilatini chao cha vitabu kilikuwa na neno la heshima la kusema "sana": valde. Lilitoka kwa validus, yaani mwenye nguvu. Kwa hivyo "sana" ya Mrumi msomi ilikuwa "kwa nguvu". Cicero alilitumia kwa barua zake kama vile wewe unatumia emoji ya moto.

Sasa enda ulitafute hilo neno leo. Kihispania hakina. Kifaransa hakina. Kiitaliano, Kireno, Kiromania, watoto wote wa Kilatini, hakuna hata mmoja aliyelibeba. Lilitumika mpaka likaisha ladha, kama chingamu. Kila mtoto akaenda kutafuta lake. Mfaransa alichukua trans, neno la "ng'ambo, kuvuka", akatengeneza très. Mromania alirudi kwa nguvu lakini kupitia mlango mwingine, akatoa foarte kutoka kwa forte. Mwitaliano, Mreno na Mhispania walichukua multum, neno la wingi. Na si wao pekee: "very" ya Waingereza ilianza maisha ikimaanisha "kweli", na "sehr" ya Wajerumani ilianzia kwa neno la maumivu. Mjerumani akikwambia asante sehr, kwa mizizi anakushukuru mpaka inauma. Huyo ni ndugu yetu wa "mbaya" kabisa.

Turudi kwa multum, kwa sababu hapa Kihispania kilifanya kitu ambacho kinawatesa wanafunzi mpaka leo. Neno hili lilitafunwa kwa midomo ya watu kwa karne nyingi hadi likazaa mapacha. Pale lilipotamkwa zima, lile "ult" la katikati likageuka "uch", tukapata mucho. Ni njia ile ile iliyofanya cultellum, kisu kidogo cha Kilatini, kuwa cuchillo, na auscultare kuwa escuchar, kusikiliza. Lakini pale lilipokuja mbele ya sifa, mahali mdomo una haraka ya kufika kwa neno lenye maana, lilikatwa mkia. Muito, muyt, muy.

Mtu mmoja, majina mawili. Ndiyo unaona apu za kujifunza zinakusumbua: muy caro, ghali sana, muy lejos, mbali sana, lakini trabaja mucho, anafanya kazi sana. Mtu akikuuliza kama umechoka, unajibu "mucho". Huwezi kujibu "muy" ukanyamaza. Muy halina miguu yake, lilizaliwa likiegemea neno lingine, na ukiliacha peke yake linaanguka. Kireno hakikujisumbua hivyo, muito inafanya kazi zote mbili, sawa na "sana" yetu ambayo haiulizi kama iko na kitenzi ama na sifa. Hapo Kiswahili tumshukuru Mungu.

Halafu, kama kawaida ya watu, wenyewe wakachukua mapacha hao wakawaunganisha tena. Kuna msemo, cuidarse muy mucho, wa mtu anayejichunga kupita kawaida. Muy mucho. "Sana sana", basi, tena neno lile lile mara mbili, ila la kwanza limenyolewa. Na barua za ofisi za Kihispania zilifunguliwa kwa miaka mingi na "Muy señor mío". Ukitafsiri neno kwa neno ni kama "bwana wangu sana". Hakuna aliyekamatwa.

Hii ya pili naipenda zaidi. Ukitaka kielezi kwa Kihispania unachukua sifa, unaipa sura ya kike, unaibandika -mente nyuma. Rápida, rápidamente. Tranquila, tranquilamente. Walimu wengi wanakupea tu kama sheria. Lakini kwa nini iwe ya kike? Kwa sababu mente hapo zamani lilikuwa neno kamili, mens kwa Kilatini, maana yake akili ama nia, na lilikuwa nomino ya kike. Kwa hivyo tranquilamente ilikuwa maneno mawili: tranquila mente, "kwa akili tulivu". Wewe husema "kwa roho safi", "kwa moyo mmoja". Ni mtindo huo huo.

Mshono bado unaonekana. Mhispania akitaka kusema "polepole na kwa uwazi" anasema lenta y claramente. Ile mente anaiweka mara moja tu mwisho, kama nomino moja inayobebwa na sifa mbili. Na rápidamente bado imebeba alama ya mkazo wa rápida kwa mgongo, ushahidi kwamba yalikuwa maneno mawili yaliyooana bila kubadilisha vitambulisho.

Fikiria hiyo safari. Mwanzoni jiwe lisingeweza kuanguka rápidamente, kwa sababu jiwe halina akili ya kuharakisha. Ni mtu tu angefanya kitu kwa akili fulani. Polepole watu wakasahau akili iliyo ndani ya neno, na jiwe likaanza kuanguka rápidamente, na mvua ikanyesha fuertemente, na leo chakula kinaweza kuwa terriblemente rico. Terriblemente, yaani kwa njia ya kuogofya. Chakula kitamu kwa njia ya kuogofya. Sasa wewe unaniambia "tamu vibaya" ni kosa la watoto wa Nairobi?

Kuna shairi refu linaloheshimiwa sana Uhispania, Cantar de mio Cid, kuhusu Rodrigo Díaz de Vivar, askari aliyekufa mwaka 1099. Nakala pekee ya zamani iliyobaki imepoteza ukurasa wake wa kwanza. Kwa hivyo tunaingia ndani ya stori ikiwa imeshaanza: mzee mzima, shujaa, anafukuzwa kwao na mfalme, na analia. Kwenye mstari huo huo wa kwanza tulio nao kuna kielezi cha kukoleza. Fuertemientre, "kwa nguvu", kwa tahajia ya wakati huo, na mbele yake kuna tan, "hivyo, kiasi hicho". Kumbuka valde ya Warumi ilimaanisha "kwa nguvu". Ikafa. Zaidi ya miaka elfu moja baada ya Cicero, mtu mwingine kwenye ardhi hiyo anataka kueleza uchungu mkubwa, na anarudi kwa wazo lile lile, kwa neno jipya. Hakuna aliyemwambia.

Katikati hapo kuna Waarabu na Waberberi, waliovuka kutoka Afrika Kaskazini mwaka 711. Granada, ufalme wa mwisho wa Kiislamu huko, ulianguka 1492. Karibu miaka mia nane hiyo iliacha maneno mengi, na moja linatuhusu sisi moja kwa moja. Hasta. Unalijua kutoka kwa "hasta la vista", na hapo ni "hadi". Limetoka kwa hatta ya Kiarabu. Maandishi ya zamani ya Kihispania yanaliandika fata, na mpaka leo lina kazi mbili: "hadi", na pia lile la kushangaza. Hasta mi abuela lo sabe. Hata nyanya yangu anajua.

Hata! Neno letu lile lile, kutoka chanzo kile kile, lililopandia mashua upande wa pili wa Afrika. Na letu pia lilikuwa na kazi zote mbili. Ndiyo maana kanisani bado mnaimba "hata milele", yaani hadi milele. Mhispania na mtu wa Mombasa walikopa kwa jirani mmoja bila kuambiana. Hii nikiigundua nililala saa tisa usiku.

Twende 1492, mwaka wa mambo mengi. Agosti ile, wiki mbili baada ya Columbus kung'oa nanga, msomi anaitwa Antonio de Nebrija anachapisha Salamanca sarufi ya Kikastilia, ya kwanza ya aina yake kwa lugha ya kisasa ya Ulaya, na anampelekea Malkia Isabel. Ndani yake anasema Kikastilia hakina viwango vya juu kabisa vya sifa kama Kilatini, ukiacha maneno mawili, la "kwanza" na la "mwisho". Hizo zingine zote watu wanazunguka tu kwa kuweka muy mbele.

Soma tena. Mtaalamu mkubwa wa lugha anasema hivyo. Ukienda leo Madrid, Bogotá ama Malabo, utasikia buenísimo, carísimo, muchísimo kila dakika. Hiyo -ísimo ilitoka wapi?

Ilitoka juu. Kilatini kilikuwa na -issimus, lakini mtaani ilikufa. Tunajua ilikufa kwa sababu, kama ingepita kwa midomo ya watu kizazi hadi kizazi, sauti zake zingebadilika kama maneno mengine na leo tungekuwa na -ésimo. Ilirudishwa kutoka vitabuni, na kupitia Italia, ambako wanajeshi na mabalozi wa Uhispania walijaa karne ya 16, na kupitia Kanisa. Ilikuwa kitu cha kuvaa, kama suti ya kuagiza nje. Ilmo. Sr., Excelentísimo Señor, Reverendísimo Padre. Haikuwa ya kusema chai ni moto. Ilikuwa ya kusema mimi ni nani na wewe uinamishe kichwa kiasi gani.

Na ikawa balaa. Kila bwana mdogo alitaka kuitwa kwa cheo kilichomzidi urefu, mpaka Oktoba 1586 Mfalme Felipe II akatoa amri ya serikali kuhusu vyeo na adabu za kuandikiana. Hata barua ya kwenda kwake mwenyewe, mfalme aliyetawala kutoka Manila hadi Mexico, ilitakiwa ianze na neno moja tu juu: Señor. Basi. Na wengine kila mmoja akapimiwa chake. Hebu fikiria, chumvi ya maneno imezidi mpaka serikali inaingilia kama vile ni bei ya unga. Sisi ambao wazazi wetu walikua wakisikia "Mtukufu Rais" kila taarifa ya habari, na sisi wenyewe tunajua mtu atakununia ukimwita bila "Mheshimiwa", tunaelewa hiyo amri kuliko Wahispania wa leo.

Aliyemaliza kazi si mfalme lakini. Ni Cervantes. Katika sehemu ya pili ya Don Quijote, 1615, kuna mama wa hadhi anajitokeza na shida zake, na anaongea kwa -ísimo kila neno la pili. Sancho Panza, mshamba, mtu wa punda, anamjibu. Anachukua hiyo -ísimo ya wakubwa na kuibandika kila mahali: kwa jina la bosi wake, kwa neno la "mtumishi", hadi kwa kitenzi, mahali haijawahi kukaa tangu dunia iumbwe. Ni roast safi. Maskini ameshika silaha ya tajiri na kuigeuza mdoli.

Na hapo ndipo napenda hii historia kuliko zile tulifunzwa za nani aligundua mto gani. Kwa sababu watu wa chini hawakuitupa -ísimo. Waliichukua. Kwa suti ya vitabuni, "nzuri sana" ni bonísimo na "yenye nguvu sana" ni fortísimo, na o ya Kilatini. Mtaani wakasema buenísimo na fuertísimo, na ue yao wenyewe ya nyumbani. Leo fomu zote mbili zinakubaliwa, ila ukisema bonísimo sokoni utaonekana umetoka makumbusho. Wakaiweka hata kwa vielezi: muchísimo, tantísimo, lejísimos kwa "mbali sana", na hiyo ya mwisho ina s nyuma. Kilichoanza kama kipimo cha cheo kikawa cha kusema githeri imeweza.

Ila wakubwa hawakukiacha kabisa. Mwaka 1936 wanajeshi walioasi Uhispania walimpa Francisco Franco cheo cha Generalísimo. Angalia sarufi: general ni nomino, si sifa. Ni mzaha ule ule wa Sancho, lakini safari hii hakuna anayecheka. Alitawala mpaka alipokufa Novemba 1975, na katika utawala huo Kikatalani, Kibaski na Kigalisia viliondolewa shuleni na ofisini. Uongee Kihispania, cha "kikristo" kama walivyopenda kusema. Sisi ambao shuleni tulipokezana kile kidude cha aibu ukishikwa ukiongea lugha ya nyumbani ama Sheng, huu mchezo tunaujua. Mtu anayejiongezea -ísimo mara nyingi ndiye huyo huyo anayekuja kukupunguzia wewe maneno. Ng'ambo ya bahari, Rafael Trujillo wa Jamhuri ya Dominika naye alikuwa Generalísimo, na mji mkuu ukaitwa Ciudad Trujillo mpaka alipouawa 1961. Na hapa kwetu Afrika, Guinea ya Ikweta, nchi inayoongea Kihispania rasmi, rais wa kwanza Francisco Macías Nguema alipita hata -ísimo. Alijiita Único Milagro. Muujiza wa Pekee. Watu wake waliuawa na kukimbia kwa maelfu kabla apinduliwe 1979.

Kwa hivyo nikisikia ati tatizo la lugha ni kijana anayesema "vibaya", naomba kuuliza: chumvi ya nani ndiyo imewahi kuua mtu?

Nipite haraka kwa mengine. Mwaka 1713 walianzisha Akademia ya Kifalme ya lugha, na kauli yake inaahidi kuisafisha lugha, kuiimarisha na kuing'arisha. Utadhani ni sabuni. Haikuzuia kitu. Neno asaz, lililokuwa "sana" ya waandishi wa zamani, likafa likiwa limesafishwa vizuri. Mtaani Madrid vijana wakachukua mazo. Wengine wakasema la mar de bien, "bahari ya vizuri". Peru wana recontra. Chile wana caleta, neno ambalo pia ni ghuba ndogo ya wavuvi. Venezuela burda. Ecuador, wasee, wanasema full, wameiiba kwa Kiingereza mchana. Mexico na visiwa vya Karibiani bien, neno la "vizuri", linakoleza kila kitu: bien frío, bien caro, hata bien feo, "mbaya vizuri". Sisi tuna tamu vibaya, wao wana mbaya vizuri. Tukutane katikati.

Argentina ndio wameenda mbali zaidi. Walichukua re-, kiambishi cha Kilatini, wakakifungua minyororo kikatembea peke yake: re lindo, re caro, na hadi mbele ya kitenzi, me re gusta. Kitabu cha tahajia cha Akademia cha 2010 kinasema viambishi hivi viandikwe vimeshikana na neno, rebueno, superbién. Fungua komenti za video yoyote kutoka Buenos Aires uone nani anatii.

Na usisahau njia ya kukoleza kwa kupunguza. Ule wimbo wa Luis Fonsi na Daddy Yankee wa 2017 uliocheza kwa kila matatu, jina lake Despacito, ni kielezi despacio, polepole, kikiwa kimewekewa -ito ya udogo. Lakini polepole haikupungua, iliongezeka: polepole kabisa, kwa utaratibu wa kubembeleza. Ahorita ya Wamexico ni hiyo hiyo, "sasa" iliyofanywa ndogo, na inaweza kuwa sasa hivi kabisa ama kesho kutwa. Mtu wa Nairobi anayesema "niko hapo tu kwa stage" hahitaji kuelezewa.

Kitu kimoja sitawatetea vijana wenzangu, kwa sababu historia hii haitutetei. Haya maneno huisha kweli. Group yetu ya WhatsApp kila mtu "amechoka mbaya" kuanzia Jumatatu, na siku mtu amechoka kwa ile njia ya kutisha, anaandika hayo hayo, na anajibiwa na sticker. Valde ilikufa hivyo. Neno likishasemwa kwa kila kitu, mwenye uchungu wa ukweli anabaki bila neno.

Wahispania wana harto. Kilatini fartus, kilichojazwa, kilichoshindiliwa, kama soseji. Mexico na Chile na Bolivia bado ni "sana, tele": harto trabajo, kazi tele. Lakini ukisema estoy harto haikolezi kitu tena. Ni "nimeshiba", kwa ile maana ya kushiba matusi ama ahadi. Njia moja ya neno ilichakaa, nyingine ikabaki na makali.

Machi 2011, karibu na Cuernavaca, Mexico, mtoto wa kiume wa mshairi Javier Sicilia aliuawa pamoja na vijana wengine. Ilikuwa miaka ya ile vita ya dawa za kulevya, serikali ikisema kila siku kwamba mauaji yamelaaniwa vikali, tena kwa vielezi vyote vya -mente unavyovijua. Sicilia akasema anaacha mashairi. Halafu akaandika barua ya wazi kwa wanasiasa na wahalifu, na kilio chake hakikuwa na muy, hakikuwa na -ísimo. Kilikuwa msemo wa mtaani, wa matusi kidogo, ambao mama yako Mmexico angekuchapa ukiusema mezani: estamos hasta la madre. Tumefika hadi kwa mama. Waliokuwa barabarani Nairobi Juni 2024 sihitaji kuwatafsiria.

Hiyo hasta ndiyo hata yetu. Watu waliibeba kwa mabango, Mei ile, kwa miguu kutoka Cuernavaca mpaka uwanja wa katikati ya jiji la Mexico.